Picha Bubu na Wasemaji Wake

Jioni ya tarehe 7 Julai 1896, katika hoteli ya Watson mjini Bombay, jumba refu lililosimamishwa kwa mihimili ya chuma iliyoletwa kwa merikebu kutoka Uingereza, watu waliotoa rupia moja kila mmoja waliketi gizani wakikabili kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kile wakaona garimoshi likiingia stesheni, wafanyakazi wakimiminika kutoka kiwandani, waogaji wakijitosa baharini na ukuta ukibomolewa, kila picha ikidumu kwa muda usiotimia dakika moja kisha ikapisha nyingine. Fundi wa chombo alikuwa Mfaransa, Marius Sestier, mjumbe wa ndugu wawili Auguste na Louis Lumière wa mji wa Lyon, ambao miezi sita na siku kidogo kabla ya hapo, tarehe 28 Desemba 1895, walikuwa wamewaonyesha watu wa Paris picha zao kwa kiingilio mara ya kwanza. Sestier hakukusudia kufanya maskani Bombay. Safari yake ilikuwa ya Australia, na bandari ile kwake ilikuwa kituo cha njiani. Lakini jambo alilolifanya akiwa msafiri limeingia katika tarehe ya Bara Hindi kuwa ndio mwanzo wa sinema katika nchi hiyo.

Habari ya mwanzo huo aghalabu husimuliwa kama sifa ya chombo na ya waliokiunda. Mimi nataka kuifuata kwa njia nyingine, kwa kuwasikiliza waliolipa kiingilio: waliketishwa wapi, walisema nini gizani, na kwa sababu gani serikali zilizowatawala zilifika kuyahofu maneno yao. Picha za zama zile zilikuwa bubu kweli, maana chombo kilichoweza kunasa sura hakikuwa na uwezo wa kunasa sauti pamoja nayo. Lakini kumbi za Asia ambamo picha hizo zilionyeshwa, kuanzia Bombay hata Batavia na hata Seoul, zilijaa sauti, na sauti hizo ndizo zilizoichukua bidhaa iliyoshuka melini na kuifanya mali ya wenyeji.

Chombo chenyewe kilikuwa sanduku la mbao ambalo mtu mmoja aliweza kulibeba kwa mkono, nalo lilikusanya kazi tatu katika umbo moja: lilipiga picha, lilitoa nakala zake, na likiwekewa taa kwa nyuma lilizitupa picha hizo juu ya kitambaa. Fundi alizungusha mkono wa chuma kwa mwendo wa kiasi cha picha 16 kwa kila sekunde, na jicho la mwanadamu, lisiloweza kuzitenga sura zinazofuatana kwa haraka namna hiyo, likaziunga zikawa mwendo mmoja. Utepe wa picha ulikuwa wa selulodi, kitu kinachoshika moto upesi kuliko makuti makavu, na kwa hiyo taa ile ile iliyoipa picha uhai ilikuwa hatari yake ya kila usiku. Hiralal Sen wa Calcutta, mmoja katika Wahindi wa kwanza kabisa kupiga picha za sinema, aliunguliwa na kazi zake katika mwaka 1917, na kwa sababu hiyo mtu aliyetangulia wengi amebakia jina bila ya ushahidi wa macho.

Baada ya wiki moja katika hoteli, Sestier alihamia ukumbi wa michezo ya jukwaani ulioitwa Novelty, na huko mambo yakaanza kuchukua sura ya nchi. Bei moja ya rupia, iliyowafaa wageni wa hoteli ya Kizungu, iligeuzwa ikawa ngazi: mwenye nacho alilipa mpaka rupia mbili, na mnyonge aliweza kuingia kwa ana nne. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa sana hesabu ya fedha hii, kwa kuwa rupia ya Hindi ilitumika Unguja na Mombasa miaka mingi, na neno pesa tunalolitamka kila siku ni masalio yake. Pesa nne zilifanya ana moja, na ana kumi na sita zilifanya rupia. Kadhalika vilitengwa vyumba maalumu kwa mabibi wanaotawa na jamaa zao, wapate kuona bila ya kuonekana, na muziki ukatayarishwa wa kuzisindikiza picha. Hata maonyesho yalipokoma katikati ya Agosti, mambo matatu yalikuwa yamekwisha jitokeza ambayo hakuna mwenye sinema wa nchi zile aliyeweza kuyapuuza baadaye: bei ya daraja daraja, stara ya wanawake, na sauti ya kuujaza ukimya wa kitambaa.

Daraja hizo zastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndizo zilizowapanga watu ndani ya giza. Katika mchezo wa jukwaani tajiri hukaa mbele, apate kuona nyuso na kusikia maneno; lakini katika sinema walio mbele huumia shingo na macho, na kwa hiyo matajiri walirudi nyuma na kupanda juu, kwenye viti vya mito na roshani, wakawaachia maskini mabenchi, na mbele ya mabenchi sakafu tupu, karibu kabisa na kitambaa. Hivyo yule ambaye nje ya ukumbi hakuruhusiwa kutangulia mbele ya mtu yeyote, humu ndani alitangulia mbele ya wote, na kelele zake, ziwe za furaha au za ghadhabu, zilifika kwa waungwana wa nyuma kabla ya kitu kingine chochote.

Katika kisiwa cha Java, kilichokuwa chini ya Waholanzi, jambo hili lilipata sura ya ajabu zaidi. Tarehe 5 Desemba 1900 kampuni moja ya Kiholanzi ilifungua maonyesho mtaa wa Tanah Abang mjini Batavia, mji uitwao Jakarta leo, kwa viingilio vya gulda mbili, gulda moja na nusu gulda. Na wenyeji kwa lugha yao ya Kimalayu wakaziita picha hizo gambar idoep, yaani picha zenye uhai. Baadaye mahali pa bei ya chini pakaitwa daraja la mbuzi. Na katika baadhi ya kumbi na mahema, wenyeji waliolipa kidogo waliketishwa upande wa pili wa kitambaa, nyuma yake, mahali ambapo nuru iliyopenya iliwaonyesha picha zilizogeuka, mkono wa kuume ukawa wa kushoto na maandishi yakasomeka kinyume, ilhali Wazungu waliiona dunia ikiwa imekaa sawasawa.

Dharau iliyokuwamo katika mpango huo haina haja ya kufafanuliwa. Lakini watu wa Java walikuwa na jambo ambalo mwenye ukumbi hakulitia katika hesabu zake. Kwa karne nyingi walikuwa wakikesha mbele ya mchezo wao wa wayang, ambamo vikaragosi vya ngozi iliyochongwa huchezeshwa baina ya taa na kitambaa, na mchezeshaji mmoja, aitwaye dalang, husema kwa vinywa vya wafalme, majini na watumwa tangu usiku hata alfajiri. Na mchezo huo waweza kutazamwa kwa pande zote mbili, upande wa taa penye rangi za ngozi, na upande wa pili penye kivuli kitupu. Kwa hiyo mtu wa Java aliyepelekwa nyuma ya kitambaa hakutupwa mahali pageni. Alijua tangu utotoni kwamba kivuli kina pande mbili, na kwamba kivuli peke yake hakisemi mpaka pawe na mtu wa kukisemea.

Kabla ya majumba yalikuwako mahema. Mwaka 1902 Jamshedji Framji Madan, Mparsi aliyetajirika kwa biashara na kwa michezo ya jukwaani, alianza kuonyesha picha hemani katika uwanja mkubwa wa Calcutta uitwao Maidan, na mwaka 1907 akajenga katika mji huo jumba la kudumu, mojawapo ya majumba ya kwanza ya sinema katika Bara Hindi. Alipofariki mwaka 1923 kampuni yake ilikuwa na majumba katika miji mingi ya Hindi, na pia Burma na Ceylon. Kusini, katika mji wa Tiruchirappalli, karani wa reli jina lake Samikannu Vincent alinunua mwaka 1905 chombo na picha kutoka kwa Mfaransa aliyekuwa akizunguka nazo, akaacha ukarani, akaenda mji kwa mji akionyesha maisha ya Nabii Isa kama Wakristo wanavyoyasimulia.

Lakini katika wasafiri wote hao, aliyekwenda mbali zaidi ni Abdulally Esoofally, mzaliwa wa Surat, bandari ambayo mabaharia wetu wa zamani waliijua vizuri. Tangu mwaka 1901 hata 1907 alitembea na hema lake Burma, Singapore, Sumatra, Java na Ceylon, kisha akarudi kuizunguka Hindi yenyewe hata mwaka 1914. Hema hilo lilikuwa na urefu wa futi 100 na upana wa futi 50, likisimama juu ya nguzo nne, nalo liliweza kuchukua watu elfu moja. Na kwa kuwa picha za wakati ule zilikuwa fupi, onyesho moja lilihitaji vipande arubaini au hamsini, vichekesho, michezo, safari za nchi za mbali, kimoja baada ya kingine. Mtu wa namna hii alikuwa mfanyabiashara, fundi, mpiga mbiu na mfasiri kwa pamoja. Aliposimamisha hema pembeni mwa mji ambao hakuujua lugha yake, ilimbidi apate mtu wa kuwaambia watu wanaona nini, maana kitambaa kiliwaonyesha theluji kwa wasiopata kuiona, na mitaa ya London kwa wasiojua kama ni mitaa ya duniani au ya ahera.

Hata hivyo, kilichoonyeshwa katika mahema na majumba hayo kilikuwa kwa wingi cha ugenini. Kilichobadilisha jambo hili ni macho ya mtu mmoja. Dhundiraj Govind Phalke, anayejulikana zaidi kwa jina la heshima la Dadasaheb, alizaliwa mwaka 1870 karibu na Nashik, akasoma sanaa Bombay, akafanya kazi ya kupiga picha na ya kuchapa, na akajifunza hata mazingaombwe. Alipofikia umri wa miaka arubaini hivi aliingia katika ukumbi mmoja wa Bombay, akatazama picha ya maisha ya Nabii Isa. Na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba macho yake yalipokuwa yakimfuata Isa, moyo wake ulikuwa ukiwaona Krishna na Rama, miungu ya dini yake, akajiuliza kama itatokea siku ambapo Wahindi wataona mambo yao wenyewe juu ya kitambaa kile. Alirudi na mkewe Saraswatibai kutazama tena. Alitazama kila picha aliyoweza kuipata hata macho yakaugua. Akaiweka rehani bima yake ya maisha, akaenda London mwaka 1912 kununua chombo, na aliporudi, ili kuwavuta wenye mali wamkopeshe, akaipiga picha mbegu katika chungu siku baada ya siku, hata ilipoonyeshwa kwa mfululizo, mmea ukachipuka na kukua mbele ya macho kwa dakika moja.

Hadithi aliyoichagua kwa picha yake kubwa ya kwanza ilikuwa ya mfalme Harishchandra, aliyeuacha ufalme, mke na mwana kwa kutimiza ahadi, nayo kila Mhindu alikuwa ameisikia kwa bibi yake. Shida ilikuwa ni malkia. Wanawake wa heshima hawakukubali kusimama mbele ya chombo, na hata wale waliojiuza mitaani walikataa, wakiiona kazi hiyo ni aibu kupita yao. Mwisho Phalke alimpata kijana mpishi katika mkahawa wa mtaa wa Grant Road, Anna Salunke, mwenye mikono miembamba na mshahara wa rupia kumi kwa mwezi, akamwongezea hata kumi na tano, akamnyoa masharubu na kumvika sari. Nyumbani Saraswatibai alikuwa akiwapikia waigizaji na mafundi wote, kisha usiku, jikoni gizani, alikuwa akitoboa matundu pembeni mwa utepe wa picha, kwa kuwa utepe uliouzwa haukuwa umetobolewa. Picha hiyo, Raja Harishchandra, ilionyeshwa kwa umma tarehe 3 Mei 1913 katika jumba la Coronation mjini Bombay.

Ilipopelekwa Surat, inasimuliwa, siku ya kwanza haikupata zaidi ya rupia tatu. Watu wa mji ule walikuwa na hesabu yao: kwa ana mbili waliweza kutazama mchezo wa jukwaani wa saa sita, na huyu bwana aliwataka ana tatu kwa jambo la saa moja na nusu. Phalke hakushusha bei. Alitoa tangazo kwamba kwa ana tatu tu mtu ataona picha 57,000, zenye urefu wa maili mbili. Na Wasurati, ambao ni wafanyabiashara kwa asili, walipopewa hesabu ya maili badala ya saa waliridhika, wakajaza ukumbi. Miaka minne baadaye alitoa Lanka Dahan, habari ya kuteketezwa kwa Lanka, ambamo Salunke yule yule alikuwa Rama na pia Sita, mume na mke kwa sura moja. Husimuliwa kwamba huko Bombay maonyesho yalianza asubuhi mapema hata usiku wa manane, kwamba Madras sarafu za viingilio zilichukuliwa kwa gari la ng'ombe zikilindwa na askari, na kwamba Rama alipotokea kitambaani watu wengi walisujudu.

Sijda hiyo yafaa kufikiriwa kabla ya kuchekwa. Watawala na baadhi ya wasomi waliiona kuwa ni dalili ya ujinga, kana kwamba mwanakijiji hakujua tofauti ya mungu na mwanga wa taa. Lakini mtu anayeinama mbele ya sanamu hekaluni anajua vyema kwamba jiwe limechongwa na fundi wa mtaa wa pili; anachokiheshimu ni kile ambacho jiwe linamkumbusha. Waliosujudu walikuwa wamemkuta wanayemjua mahali ambapo kwa miaka mingi walikuwa wamekutana na wageni karibu watupu, nao wakamlaki kama ada yao ilivyowafunza.

Sasa tuingie ukumbini tusikilize. Mbele, chini ya kitambaa, wamekaa wapiga muziki, mmoja ana kinanda cha upepo, mwingine tabla, pengine na mpiga fidla, nao hawasomi nota yoyote. Wanaitazama picha na kuifuata, wakiharakisha farasi anapokimbia na kulegeza mjane anapolia. Juu ya kitambaa, baina ya tukio na tukio, yanatokea maandishi ya kueleza mambo, na kwa kuwa mji mmoja kama Bombay ulikuwa na watu wa lugha nyingi, maandishi hayo mara nyingi yaliandikwa kwa lugha mbili, tatu, hata nne katika kibao kimoja: Kiingereza, Kigujarati, Kihindi, Kiurdu. Wengi hawakujua kusoma lugha yoyote katika hizo. Kwa hiyo yanapotokea maandishi, ukumbi mzima unalipuka: huyu anamsomea mamaye, yule anawasomea wenziwe wa kiwandani, mwingine anatafsiri, wa nne anamsahihisha wa tatu, na maandishi yamekwisha toweka kabla mabishano hayajaisha. Mgeni wa Kizungu aliyeingia aliita ghasia. Kwa hakika palikuwa ni darasa, baraza na msikiti wa maneno kwa pamoja, ambapo hadithi moja ilizaliwa mara nne kwa lugha nne katika dakika moja.

Mahali pengine msemaji huyu alikuwa mtu wa kazi, mwenye jina na mshahara. Wajapani walikuwa na mtu aitwaye benshi, aliyesimama kando ya kitambaa akawasemea wote waliokuwa pichani, wanaume kwa wanawake. Na walipoitawala Korea desturi hiyo ikaingia huko pia, Wakorea wakamwita byeonsa. Katika jumba la Dansungsa mjini Seoul watu walikwenda kumsikiliza msemaji kadiri walivyokwenda kutazama picha. Serikali ya Kijapani iliitambua nguvu hiyo: wasemaji wakatakiwa wafanye mtihani na kupewa leseni, na ukumbini askari wa polisi akawekewa kiti chake. Chombo kilikuwa kimekwisha kaguliwa, utepe umekwisha pigwa muhuri. Kilichobakia bila muhuri ni ulimi wa mtu, na ulimi hauwezi kukaguliwa kabla haujasema.

Tarehe 1 Oktoba 1926 ilionyeshwa katika jumba hilo picha ya kijana Na Woon-gyu, Arirang, iliyopewa jina la wimbo wa kale wa Wakorea. Ni habari ya kijana aliyerukwa na akili, ambaye katika fadhaa yake anamwua mtu wa mwenye shamba anayewaonea wanakijiji, na mwisho anapelekwa amefungwa kuvuka kilima. Husimuliwa kwamba hapakuwa katika picha neno lililotaja utawala wa Kijapani. Lakini msemaji aliweza kulielekeza neno lake upande huu askari akiwapo na upande ule akitoka, na wimbo wenyewe ulipoimbwa mwishoni watu walilia na kuimba pamoja. Utepe wa Arirang umepotea, na hakuna aliye hai anayejua hasa uliwaonyesha nini. Kilichodumu ni kumbukumbu ya ukumbi, na habari za sauti zilizosikika humo.

Waingereza nao katika Bara Hindi walikuwa na hofu zao. Sheria ya sinema ya mwaka 1918 iliweka leseni kwa majumba na ukaguzi kwa picha, na mwaka 1920 bodi za wakaguzi zikaundwa Bombay, Calcutta, Madras na Rangoon. Mwaka 1921 kampuni ya Kohinoor ilitoa Bhakta Vidur, hadithi ya mcha Mungu wa katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu. Lakini mwigizaji wake mkuu alivaa kofia na nguo ya kufumwa nyumbani kama ya Gandhi, kiongozi wa waliopinga utawala wa Waingereza, na mkaguzi, ambaye hakuhitaji msemaji wa kumfahamisha, akaipiga marufuku Madras na Sind.

Hofu nyingine ilitoka Hollywood. Picha nyingi zaidi zilizoonyeshwa Hindi katika miaka ya 1920 zilikuwa za Kimarekani, na watawala walinung'unika kwamba wenyeji wakiwaona wanawake wa Kizungu wakibusiwa na wanaume wa Kizungu wakilewa na kuiba, haiba ya mtawala itavunjika. Juu ya hayo wafanyabiashara wa Uingereza walitaka picha za dola yao zipewe upendeleo. Ikaundwa kamati mwaka 1927 chini ya wakili wa Madras, T. Rangachariar, Wahindi watatu na Waingereza watatu, ikazunguka nchi na kusikiliza mashahidi 353. Gandhi aliulizwa naye, akajibu kwamba hajapata kwenda sinema, na kwamba madhara yake yaonekana hata kwa aliye nje. Ripoti iliyotolewa mwaka 1928 haikuukubali upendeleo ule kama walivyoutaka wenye kuuomba. Ilieleza pia kwamba picha ya kigeni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks, kazi ya Marekani ya mwaka 1924. Na mtu aliyelelewa kwa hikaya za Alfu Lela Ulela hawezi kustaajabu, kwa kuwa umati wa Bombay ulimtazama Mmarekani yule mwenye kiremba juu ya busati liendalo hewani kama mtu anayewarudishia mali yao iliyokwisha kopwa.

Mwisho wa zama za ububu una siku yake. Tarehe 14 Machi 1931, katika jumba la Majestic mjini Bombay, ilionyeshwa Alam Ara ya Ardeshir Irani, picha ya kwanza ndefu ya Kihindi iliyosema na kuimba yenyewe. Polisi waliitwa kuzuia watu, na tikiti za ana nne ziliuzwa barabarani kwa rupia nne na tano. Mmoja wa wenye jumba hilo alikuwa Abdulally Esoofally, yule yule wa hema la nguzo nne, ambaye tangu mwaka 1914 alikuwa ameshirikiana na Irani. Safari aliyoianza akihitaji kinywa cha mwenyeji katika kila bandari aliimaliza akiwa mlangoni mwa ukumbi ambamo vinywa hivyo havikuhitajika tena. Wapiga muziki wa chini ya kitambaa walikwenda zao. Picha iliyosema ililazimika kuchagua lugha, na mwaka ule ule zikaanza kutoka picha za Kibengali na Kitamil, kila watu wakienda kusikiliza yao. Wale wa lugha nne waliokuwa wakibishana juu ya kibao kimoja hawakuwa na kibao cha kubishania.

Picha za Bombay zilifuata njia ya zamani ya majahazi na meli hata pwani yetu, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamefungua kumbi, kama Royal ya Unguja ya miaka ya 1920. Humo wengi waliozitazama hawakujua neno la Kihindi, na hakuna aliyewatilia maandishi ya Kiswahili. Jirani aliyeifahamu lugha kwa sababu ya duka au ya mtaa alimnong'oneza mwenziwe, na mwenziwe akampitishia mwingine, hata safu nzima ikalia kwa wakati mmoja. Na miaka mingi baadaye, katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala, akatokea tena mtu aliyekaa kando ya picha ya kigeni na kuisemea yote kwa lugha ya walioketi, mfalme na mwizi na bibi arusi kwa koo moja, akiongeza methali za mtaani pale mwandishi wa picha alipopungukiwa. Aliyelipa kiingilio chake kidogo akaketi juu ya benchi la kibanda hicho, amekwisha mjua byeonsa wa Seoul na msomaji wa ana nne wa Bombay, ijapokuwa hakuna aliyemtajia majina yao.